Mlango Mmoja Unatosha: Kupiga Picha za Giza Dagahaley

Turubai jeupe ndilo adui wa kwanza wa picha ya giza. Jua la Dagahaley likishapiga paa la hema, hema zima huwaka: mwanga hushuka kutoka juu, huja kutoka kushoto na kulia, na mtu aliyeketi ndani hukosa kivuli hata cha pua. Ukimpiga picha hapo utapata uso bapa, kama ule wa kwenye kadi. Kwa hiyo kijana yeyote anayekuja dukani kwangu akitaka kujifunza kazi hii, namwambia kwanza atafute nyumba. Iwe ya matofali ya udongo, yenye mabati yasiyotoboka, mlango mmoja, na dirisha linaloweza kuzibwa kwa blanketi. Nyumba za namna hiyo ziko katika kila bloki, na mwenye nyumba akishaelewa unachotaka, mara nyingi atakuwekea na chai ya maziwa.

Picha ya giza, kama tunavyoiita dukani, ni picha ya mtu ambayo sehemu yake kubwa ni nyeusi au inakaribia kuwa nyeusi, na mwanga umeachiwa mahali pachache tu: shavu, ukingo wa pua, jicho, pengine vidole. Anayeiona mara ya kwanza hudhani imekosa mwanga. Lakini ukiutazama uso, una mwanga wake kamili. Vilivyonyimwa mwanga ni vingine vyote, tena kwa makusudi.

Naipenda kwa sababu ya mahali ninapoishi. Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya kambi jirani ya Ifo, na kambi tatu za kwanza za Dadaab zilikusudiwa watu 90,000. Ulipokuja ukame na njaa ya mwaka 2011, idadi ya watu Dadaab ilipita 460,000, na kamera za dunia nzima zikaja pamoja na wageni. Picha za wakati ule zinajulikana: foleni, watoto waliokonda, mahema yanayoenda hadi jicho linapochoka. Zilileta chakula na dawa, na siwezi kuzilaumu. Ila katika picha zile mtu ni sehemu ya umati. Kisha kuna picha ya pili ambayo kila mmoja wetu anayo, ile ya usajili: tazama mbele, usicheke, mwanga usoni, ukuta mweupe nyuma. Hiyo kazi yake ni kukutambulisha, na inaifanya vizuri. Mimi nataka watu wetu wapate na ya tatu, ambayo ndani yake hamna turubai, wala jerikeni, wala uzio wa miiba. Giza huviondoa vyote hivyo bila kumdanganya mtu. Kinachobaki ni yeye.

Mwalimu wangu mkubwa katika jambo hili ni mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Yousuf Karsh alizaliwa mwaka 1908 mjini Mardin, katika Uturuki ya leo, mtoto wa familia ya Waarmenia. Baada ya mauaji ya Waarmenia, familia yake ilikimbilia Aleppo, Syria, mwaka 1922. Kutoka huko wazazi wakamtuma Kanada, angali kijana mdogo, kwa mjomba wake George Nakash aliyekuwa na studio ya picha katika mji wa Sherbrooke. Familia ngapi hapa Dagahaley zina kijana aliyetangulizwa kwa mjomba ng'ambo! Mjomba alimpeleka Boston kwa John Garo, bingwa aliyefanya kazi kwa mwanga wa mchana peke yake. Jua likizama, kazi imekwisha. Baadaye, Ottawa, Karsh alijiunga na kikundi cha maigizo, akaona jinsi taa za jukwaani zinavyoweza kumchomoa mtu mmoja kutoka gizani na kuwaficha wengine wote. Tarehe 30 Desemba 1941 alimpiga picha Winston Churchill katika chumba cha Spika wa Bunge la Kanada. Churchill alikuwa na sigara kubwa mdomoni. Karsh akaichomoa, na uso wa hasira uliofuata ndio ulioingia kwenye picha. Picha hiyo ndiyo iliyotumika kwenye noti ya pauni 5 ya Uingereza iliyotoka mwaka 2016. Itafute kwenye simu uitazame polepole: suti nyeusi, ukuta wa giza, kisha uso na mikono.

Nimemtaja Garo kwa makusudi. Sisi hapa hatuna umeme wa gridi. Kuna jenereta za wafanyabiashara zinazouza umeme sokoni, na kuna sola. Anayeanza asiseme nasubiri taa. Mlango ni taa kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuuzwa Garissa mjini, na haina bili.

Sasa tuingie ndani. Dagahaley iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, na halikawii upeoni. Mlango unaotazama kaskazini au kusini ndio mwepesi kuufanyia kazi, kwa sababu jua lenyewe halizami ndani sana. Kinachoingia ni mwanga wa anga, laini. Mlango wa mashariki utumie alasiri, wa magharibi utumie asubuhi. Mkalishe mtu hatua moja ndani ya kizingiti, ubavu wake ukielekea mlangoni. Wewe simama ndani vilevile, mbele yake, mlango ukiwa ubavuni mwenu nyote wawili. Nyuma yake kuwe na upande wa chumba ulio mbali na mlango na wenye giza zaidi. Kisha usonge mlango taratibu, uufunge nusu au robo tatu, mpaka mwanga uwe utepe unaomgusa yeye tu.

Hapo ndipo somo linapoanza. Mwambie atazame mbele kabisa: utaona nusu ya uso imewaka, nusu imezama. Mwambie ageuze uso kuelekea mlangoni, kidogo kidogo. Kivuli cha pua kitatembea juu ya shavu la upande wa giza, kitakutana na kivuli cha shavu lenyewe, na chini ya jicho la upande huo itabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Mchoraji wa Uholanzi Rembrandt, aliyefariki mwaka 1669, alichora nyuso nyingi kwa mwanga wa namna hiyo, ndiyo maana wapiga picha hadi leo huutaja kwa jina lake. Usibonyeze bado. Tazama macho kwanza. Katika kila jicho panapaswa kuwa na nukta ya mlango. Jicho lisilo na nukta hiyo huonekana limefungwa hata likiwa wazi. Mwinue kidevu kidogo, au msogeze karibu na mlango, itakuja.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo sijaliona katika mafunzo yoyote ya wageni, nalo ni mchanga. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, na mchanga mwekundu nje ya mlango hurudisha mwanga kutoka chini kuingia ndani. Mwanga huo una rangi ya kutu, nao humulika chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, mahali ambapo katika picha ya giza panapaswa kulala kivuli. Uso hubadilika ukawa wa kutisha, na mwanafunzi hajui kwa nini. Dawa yake ni rahisi: tandika blanketi jeusi au mkeka wa rangi nzito nje ya kizingiti, upana wa mlango na hatua mbili tatu kwenda mbele. Utauona mwanga wa chini ukizima palepale. Ndani nako fanya hivyohivyo kwa ukuta uliopakwa chokaa. Ukuta mweupe ulio upande wa kivuli hurudisha mwanga usoni na kujaza giza ulilolitafuta. Tundika juu yake buibui kuukuu, na shavu litazama tena.

Ukishapanga mwanga, kamera yenyewe itataka kuuharibu. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera au simu hakijui unachopiga. Kimetengenezwa kikiamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ina rangi ya kijivu ya wastani. Kikiona chumba cha giza hudhani kuna kosa, nacho hupandisha mwanga mpaka ukuta ugeuke kijivu na shavu ligeuke karatasi. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo na ushikilie mpaka ijifunge hapo, kisha uteremshe alama ya jua inayotokea, chini, chini tena, mpaka ngozi ionekane kama ngozi. Zima HDR na zima hali ya usiku, kwa maana zote mbili kazi yake ni kufukuza giza. Mwenye kamera apime uso peke yake kwa kipimo cha nukta, au aweke kila kitu kwa mkono. Mahali pazuri pa kuanzia mlangoni ni ISO 400, kasi ya 1/125, na tundu la lenzi f/2.8, kutoka hapo punguza au ongeza hatua moja, ambayo ni nusu au maradufu ya mwanga. Uangalie mwanga mkali zaidi usoni, kwa kawaida kipaji cha uso au mfupa wa shavu. Hapo pakishalinda rangi yake, achia vivuli viende vinakotaka.

Ngozi yetu nayo ina mazungumzo yake. Maabara za picha za rangi, kwa miongo mingi ya karne iliyopita, zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi nyeusi ikawa inatoka kama doa lenye meno na macho. Filamu imebadilika, kamera zimebadilika, ila bado nawasikia wapiga picha wakisema mtu mweusi anahitaji mwanga mwingi. Sikubali. Anahitaji mwanga mpana, uliowekwa pembeni. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: mlango mpana ukiwa ubavuni huacha mng'ao mrefu, laini, kutoka kwenye kipaji hadi kwenye kidevu, na uso mzima unasomeka hata ukiwa na giza. Tochi ndogo huacha nukta kali za mafuta. Mafuta ya ngozi yasifutwe yote, basi. Kwa mlango ni msaada, kwa tochi ni usumbufu.

Kwa kuwa mimi ni mwanamke, naitwa ndani ya nyumba ambamo wapiga picha wa kiume hawaingii, hasa siku za harusi, na huko nimekutana na fumbo gumu kuliko yote: jilbabu nyeusi mbele ya ukuta mweusi. Kitambaa kinazama gizani, na uso unabaki ukielea hewani bila kichwa wala mabega. Njia ya kwanza ni kutumia nguo yenyewe. Mwanga wa pembeni ukipita juu ya mikunjo, kila mkunjo hupata ukingo wake. Mwambie aisogeze nguo kwa mkono karibu na kidevu, mikunjo izaliwe mahali penye mwanga. Njia ya pili ni kuupa ukuta uhai kidogo. Tundika nyuma blanketi la kahawia badala ya jeusi, na uruhusu mwanga wa ufa mwembamba wa dirisha uliguse, ili bega jeusi lionekane mbele ya kahawia nzito. Ya tatu ni ya Karsh: mwanga mdogo kutoka nyuma, usioonekana, unaochora mstari kwenye kichwa na bega. Taa ndogo ya sola iliyofichwa nyuma ya mgongo wake, ikaelekezwa juu, inaifanya kazi hiyo. Nikiulizwa, huchagua ya kwanza. Mstari wa mwanga kichwani unapendeza, lakini hupendeza kwa kila mtu namna ileile, na mikunjo ya nguo ni ya mwenye nguo.

Taa ya sola ikitumika mbele, inakuja na kanuni yake. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Taa iliyo nusu mita kutoka usoni na mita 2 kutoka ukutani huupa ukuta sehemu moja ya kumi na sita tu ya mwanga unaoufikia uso, na ukuta wa udongo kwa kiasi hicho utakaribia kuwa mweusi kwenye picha. Ukiirudisha taa nyuma mita 2, uso na ukuta huanza kulingana, na giza lako limepotea ingawa taa ni ileile. Kwa hiyo anayetaka giza asogeze taa karibu na uso na amtenge mtu na ukuta. Mlangoni kanuni hiyo haibani hivyo, kwa kuwa mlango ni mpana na mtu yuko karibu nao; mwanga hufifia taratibu zaidi, na ndiyo sababu tunausonga mlango. Taa ya jenereta ijaribiwe kwanza, maana baadhi humetameta na kuacha mistari kwenye picha. Punguza kasi hadi 1/50 na uangalie.

Mzee mmoja wa bloki ya jirani, mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliletwa na bintiye ili nimpigie picha ya kupelekwa kwa wajukuu. Nilimkalisha kwenye kigoda mlangoni, nikasonga bati.

"Wewe binti yangu, unanipiga gizani, watanionaje?"

"Watauona uso, mzee. Nyumba ndiyo hawataiona."

Akanyamaza kidogo, akarekebisha kofia. "Hapo umesema vizuri. Wao wenyewe wanaijua nyumba."

Hina ile, kwenye mwanga wa anga, ilikuwa na rangi ambayo sikuweza kuitarajia mapema: nywele za nje zilishika mwanga moja moja, rangi ya chungwa iliyoiva, na kadiri ndevu zilivyoingia kuelekea shingoni zikawa kahawia, kisha zikapotea. Nilikuwa nimepima mwanga kwa shavu. Nikapima upya kwa ndevu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimewaka zaidi, nikateremsha hatua moja. Shavu likaingia gizani kuliko nilivyokusudia, na mikunjo kando ya jicho ikatoka yote. Bintiye alitaka niung'arishe uso. Nilimwonyesha zote mbili, iliyong'arishwa na isiyong'arishwa, na mzee ndiye aliyechagua, akachagua ya giza.

Wapo wasiotaka kuonekana kabisa, na kambini sababu zao ni za kweli. Wengine wako hapa kwa kuwakimbia watu fulani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki juu ya taarifa zake binafsi, na picha ya uso ni mojawapo, lakini hata bila sheria, ruhusa huombwa kwa mwenye uso mwenyewe, wala si kwa jirani yake. Picha ya giza inafaa sana hapa: mikono peke yake, au mtu mbele ya mlango akiwa kivuli kitupu. Ila naomba kila anayejifunza ashike hili. Giza kwenye faili si lazima liwe giza la kweli. Kamera za leo huhifadhi mengi ndani ya kivuli, hasa faili za RAW, na mtu mwenye programu ya kawaida ya simu anaweza kuvuta vivuli juu na uso ukatokea. Kama umemuahidi mtu kwamba hatajulikana, mgeuze akupe kisogo, au uso wake uwe nje ya fremu tangu unapobonyeza. Usitegemee weusi.

Lililobaki ni kuitoa picha. Mashine za kuchapisha za sokoni huzamisha vivuli zaidi ya kioo cha simu, hivyo ongeza mwanga kidogo katika nakala ya kuchapishwa na utoe moja ndogo ya majaribio kabla ya ile kubwa. Lakini picha nyingi ninazopiga hazichapishwi. Zinaenda kwa jamaa walioko Eastleigh, Minneapolis na Columbus, kwa WhatsApp, na WhatsApp hubana picha mpaka giza laini lililotoka shavuni kwenda ukutani linakatika vipande vipande, mistari mistari. Itume kama waraka, si kama picha, ifike nzima. Na umwandikie mpokeaji aongeze mwanga wa kioo chake kabla ya kuifungua, aifungulie ndani ya nyumba, si juani. Mjukuu wa yule mzee alipiga simu jioni ileile kuuliza kama babu bado anatia hina ya dukani kwetu au ameanza kuagiza ya Garissa.